Sura ya Tano: Nyumba za Mbao Zilizozishinda Karne

Mtu wa Kitale akiwaambia jamaa zake wa Bungoma kwamba ameweka azma ya kusafiri mpaka Japani ili ayaone mahekalu ya kale, hakosi kuulizwa swali moja, ambalo wazee huliuliza kwa upole na vijana kwa mshangao: kuna nini huko cha kumtoa mtu katika shamba lake la mahindi, akavuka nchi na bahari, akaenda kuzitazama nyumba za mbao? Na wale waliokwisha kusoma kidogo habari za nchi hiyo huongeza swali la pili lililo zito zaidi: je, nyumba hizo ni za kale kweli, ilhali tunasikia kwamba nyingi ziliungua zikajengwa upya, tena si mara moja?

Maswali hayo ni ya haki, kwani msafiri aondokaye pasi na majibu yake hurudi na picha nyingi katika simu na fahamu chache kichwani. Nayaandika haya nikiwa katika kuingoja safari yenyewe, nikisoma, nikiuliza na kuweka akiba. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyosadiki kwamba mtu wa Trans Nzoia au wa Bungoma anayo sababu kubwa ya kuyaona mahekalu hayo, pengine kubwa kuliko ya mtu aliyezaliwa katika mji wa mawe, kwa kuwa yeye ametoka katika watu waliojenga kwa miti, udongo na nyasi, na ambao kwa muda mrefu wameambiwa kwamba walichokijenga hakikudumu, na kwa hiyo hawana ukale wa kuonyesha.

Japani iliyo barabarani kwetu

Japani si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Magari yanayobeba abiria kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na yale yanayoteremka Kimilili na Chwele hadi Bungoma mjini, aghalabu yalitembea kwanza katika barabara za Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, na baadhi yake yangali na vibandiko vya maandishi ya Kijapani katika vioo vyake. Ni wachache wajuao kwamba katika mji wa Narita, ulio karibu na uwanja mkubwa wa ndege unaouhudumia mji wa Tokyo, liko hekalu liitwalo Naritasan Shinsho-ji, lililoasisiwa mwaka 940, ambako wenye magari hupeleka magari yao yakaombewa dua na makasisi ili yaepushwe na ajali. Yamkini gari lililokufikisha soko la Chwele juma hili liliwahi kusimama katika ua wa hekalu, kengele zikipigwa na uvumba ukifuka, wala wewe na dereva wako hamna habari.

Tena wapo watu wetu waliotangulia. Samuel Wanjiru, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mbio za marathoni katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alisomea shule ya sekondari katika mji wa Sendai, na Douglas Wakiihuri, bingwa wa dunia wa mwaka 1987, alifunzwa mbio zake huko huko Japani. Kwa hiyo njia ya kwenda Japani ilikwisha kukanyagwa na Wakenya. Kilichosalia ni kuikanyaga kwa madhumuni mengine.

Hekalu la dini gani?

Msafiri wa mara ya kwanza sharti afahamu kwamba nyumba za ibada za Japani ni za dini mbili, ambazo zimeishi pamoja kwa karne nyingi hata watu wengi wa huko hushiriki katika zote mbili bila kuona taabu yoyote.

Dini ya kwanza ni Shinto, ibada ya asili ya Wajapani, isiyo na mwasisi mmoja wala msahafu mmoja. Wafuasi wake huwatukuza kami, yaani roho takatifu zinazoaminiwa kukaa katika milima, chemchemi, miti mikubwa, na hata katika mababu waliotenda makuu. Mtu aliyelelewa chini ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, akasikia utotoni habari za Wele, Mungu wa Wabukusu, na za mizimu ya mababu, hatapata shida kuielewa taadhima hiyo ya mlima na maji. Itakumbukwa kwamba Dini ya Msambwa, aliyoiongoza Elijah Masinde wa Kimilili na ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, iliutukuza mlima huo huo, na watawala wa wakati ule hawakuwa na subira ya kuuliza kwa nini. Laiti wangaliuliza.

Dini ya pili ni Ubuddha, uliotokana na mafundisho ya Siddhartha Gautama wa Bara Hindi, ukapitia China na Korea, ukafika Japani katikati ya karne ya sita. Pamoja na mafundisho walikuja mafundi: wajenzi, wachonga sanamu na wafinyanzi wa vigae, wakawafundisha wenyeji namna ya kusimamisha majumba makubwa ambayo hayajapata kuonekana huko.

Alama za kuzitambua nyumba hizo ni hizi:

- Ukifika mbele ya lango la nguzo mbili lenye boriti mbili za kulala juu yake, lisilo na milango ya kufunga na mara nyingi limepakwa rangi nyekundu, hilo huitwa torii, nawe unaingia katika eneo la Shinto.
- Ukiona mnara wa orofa zenye mapaa yaliyopandana, unaoitwa pagoda, au sanamu ya Buddha, au chetezo kikubwa cha uvumba uani, hapo pana hekalu la Kibuddha.
- Katika Shinto mwenye kusali huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena mara moja. Katika hekalu la Kibuddha viganja huunganishwa kimya, wala makofi hayapigwi.

Mti, moto na fundi

Sasa tulikabili lile swali zito la ukale, na mahali pa kulianzia ni Horyu-ji, hekalu lililoko Ikaruga, kando ya mji wa Nara. Liliasisiwa na Mwana wa Mfalme Shotoku mwaka 607, likaungua mwaka 670, likasimamishwa tena katika miaka ya mwisho ya karne hiyo na ya mwanzo wa karne iliyofuata. Na baadhi ya nyumba zilizojengwa wakati ule zingali zimesimama hata leo, zikihesabiwa kuwa majengo ya mbao yaliyo ya kale kupita yote duniani. Ndani ya pagoda yake ya orofa tano, yenye urefu wa mita 32 hivi, imo nguzo moja ya katikati itokayo chini ikapanda mpaka kileleni. Wataalamu wa kuhesabu pete za miti, ambazo ni zile duara zinazoongezeka moja kila mwaka katika shina, wameipima nguzo hiyo wakakuta kwamba mti wake ulikatwa mwaka 594. Basi mti huo uliangushwa miaka 28 kabla ya Hijra, nao ungali unafanya kazi.

Mti wenyewe huitwa hinoki, nao ni wa ukoo mmoja na saiprasi, ambayo kila mkulima wa Trans Nzoia anaijua, ama kwa kuipanda mpakani mwa shamba lake, ama kwa kununua mbao zake za kuezekea. Saiprasi yetu ililetwa kutoka nchi za Meksiko, na huvunwa baada ya miaka 30 hivi; hinoki ya nguzo za hekalu huachwa isimame mamia ya miaka, na zile za nguzo kubwa kabisa hutafutwa zilizotimiza miaka elfu. Harufu yake ni tamu, mbao zake hazishambuliwi upesi na wadudu, na kwa maelezo ya mafundi wa huko huzidi kupata nguvu kwa muda mrefu baada ya kukatwa kabla ya kuanza kudhoofika.

Juu ya mafundi hao yuko mmoja ambaye habari zake zimenipendeza kuliko za wafalme wote waliotajwa katika vitabu vya wasafiri. Jina lake ni Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa mwaka 1908 katika ukoo wa maseremala waliolihudumia hekalu la Horyu-ji kizazi baada ya kizazi, akafariki mwaka 1995. Babu yake, aliyekuwa mwalimu wake wa kazi, alimpeleka kwanza katika shule ya kilimo, kwa hoja kwamba asiyeujua udongo hawezi kuujua mti, na asiyeujua mti asiguse nguzo ya hekalu. Katika mafunzo waliyorithishana imo kanuni kwamba mti uliomea upande wa kusini wa mlima utumiwe upande wa kusini wa nyumba, na wa kaskazini vivyo hivyo, ili kila ubao ulikabili jua na upepo uliouzoea ulipokuwa hai. Alipouongoza ujenzi upya wa hekalu la Yakushi-ji mjini Nara, ambalo ukumbi wake mkuu ulikamilika mwaka 1976 na pagoda yake ya magharibi mwaka 1981, aliifanya pagoda hiyo mpya iwe ndefu kidogo kuliko ile ya mashariki iliyojengwa karne ya nane, kwa kuwa alijua mbao mpya zitashuka kwa uzito wa paa, na baada ya mamia ya miaka minara hiyo miwili italingana. Seremala yeyote wa Kitale au wa Bungoma, aliyekwisha kuona mlango wa mbao mbichi ukikataa kufunga baada ya masika, atalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Kinachostaajabisha ni urefu wa hesabu yenyewe.

Mbao hizo huunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya boriti moja huchongwa kama ulimi ikaingizwa katika tundu la nyingine, na misumari ni michache, iliyofuliwa kwa mkono. Faida yake ni mbili. Nchi ya Japani hutikiswa na matetemeko mara kwa mara, na viungo vya namna hiyo hucheza kidogo badala ya kuvunjika. Ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba nyumba inaweza kufunguliwa ubao kwa ubao, sehemu iliyooza ikatolewa na kipande kipya kikapachikwa, kisha yote yakarudishwa kama yalivyokuwa. Mahekalu ya kale yamekwisha kufunguliwa hivyo na kufungwa, na kila mara mafundi wa kizazi kipya husoma ndani ya viungo yale ambayo wa kale hawakuyaandika.

Adui mkubwa ni moto. Ukumbi wa Buddha Mkuu katika hekalu la Todai-ji mjini Nara, wenye sanamu ya shaba ya mita 15 hivi iliyozinduliwa mwaka 752, uliteketea vitani mwaka 1180 na tena mwaka 1567. Uliopo leo ulikamilika mwaka 1709, na kwa upana ni thuluthi mbili tu ya ule wa kwanza, walakini aliyesimama mbele yake hawezi kuamini kwamba umepunguzwa. Kinkaku-ji ya Kyoto, ile nyumba iliyofunikwa dhahabu kando ya bwawa, ilichomwa na mtawa kijana mwaka 1950, ikajengwa tena mwaka 1955. Senso-ji ya Tokyo ilianguka katika mashambulizi ya ndege ya mwaka 1945, na ukumbi wake mkuu ukarudishwa mwaka 1958 kwa saruji. Mji wa Kyoto wenyewe uliwekwa katika orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki mwaka huo wa 1945, na Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, akaamuru utolewe. Hata Horyu-ji haikusalimika: tarehe 26 Januari 1949, katikati ya ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1934, moto uliziharibu picha za ukutani za ukumbi wake mkuu, na maombolezo ya nchi nzima yakazaa sheria ya mwaka 1950 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni. Mpaka leo kila tarehe hiyo ya Januari huwa siku ya mazoezi ya kuzima moto katika majengo ya kale kote nchini.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* majengo machache ya Japani yana mbao zilizodumu tangu karne ya saba. Mengi zaidi yaliungua au kuoza yakasimamishwa upya. Na yote, ya namna ya kwanza na ya pili, yamefika kwetu kwa sababu daima alikuwapo seremala aliyejua namna ya kuyajenga.

Ise, na rika zinazorudi

Jambo hilo la mwisho halionekani wazi popote kama katika Ise, mahali patakatifu pa Shinto kuliko pote. Nyumba zake kuu hazingojei kuoza. Kila baada ya miaka 20 hujengwa nyumba mpya, sawasawa na ile iliyopo kwa kila kipimo, katika kiwanja kilicho kando yake; kisha, usiku uliochaguliwa, vitu vitakatifu huhamishwa kutoka nyumba nzee kwenda mpya, na ile nzee hubomolewa. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, ikakatika kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikarudi. Uhamisho wa mwaka 2013 ulikuwa wa 62, na unaofuata ni wa mwaka 2033, ambao maandalizi yake ya kukata miti yalikwisha kuanza mwaka 2025. Mbao za nyumba iliyobomolewa hazitupwi. Hugawiwa mahekalu mengine nchini, zikaendelea na kazi.

Mtu atauliza: nyumba hiyo ina umri gani? Akitazama mbao, hazijafika miaka 20. Akitazama umbo, lina miaka elfu moja na mia tatu. Na miaka 20 haikuchaguliwa ovyo, kwani kijana akiingia kazini akiwa mwanafunzi wa kubeba na kunoa, zamu ijayo huwa fundi kamili, na zamu ya tatu huwa mzee msimamizi. Hivyo mtu mmoja huijenga nyumba mara mbili au tatu katika maisha yake, na elimu haipati nafasi ya kulala kaburini.

Mbukusu asiyetikisika na hesabu hiyo hajakumbuka ya kwao. Rika za tohara za Wabukusu zina majina manane, nayo ni Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, yakipokezana kwa zamu. Likimalizika la mwisho hurudi la kwanza, na jina moja huchukua takriban karne kabla ya kuwajia vijana wengine. Kila mwaka unaogawika kwa mbili, ufikapo mwezi wa Agosti, Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia husikia njuga na nyimbo za jando, na kijana asimamaye asubuhi hiyo uani kwa baba yake huingia katika jina walilolichukua watu waliokwisha kufa zamani, akavaa heshima yao na wajibu wao. Hakuna anayesema kwamba rika hizo si za kale eti kwa sababu vijana ni wapya. Basi kanuni tuliyoikubali katika watu, Wajapani wameikubali katika nyumba.

Ukale wetu umekaa wapi?

Hapo ndipo safari hii inaponigusa. Tumezoea kuupima ukale kwa mawe, na kwa kipimo hicho watu wa bara hujiona maskini mbele ya watu wa pwani. Walakini hata pwani yenyewe inatufundisha vingine. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walichimba chini ya msikiti wa mawe, wakakuta misingi ya misikiti iliyoutangulia, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa, ya karne ya nane, ilikuwa ya miti. Waislamu wa Shanga walikuwa wakisimamisha msikiti mpya mahali pa mkongwe karne ile ile ambayo maseremala wa Nara walikuwa wakimwezekea Buddha wao. Jiwe lilikuja baadaye. Ibada na mahali pake vilitangulia.

Kadhalika huku kwetu. Juu ya Webuye, katika kilima cha Chetambe, Wabukusu walijihami mwaka 1895 dhidi ya jeshi lililotumwa na Waingereza chini ya Charles Hobley, na mpaka leo mtu aliyeonyeshwa vizuri anaweza kuutambua mfereji wa ngome yao ardhini. Ngome ya namna hiyo ilikuwa ni kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, ndani yake mkiwa na nyumba za msonge, ghala na mazizi. Kuta zimemezwa na mvua, nyumba hazipo. Je, ni mvua iliyozimaliza? Mvua ilinyesha pia Ise, na tena kwa wingi. Kilichopungua kwetu ni mtu wa kuujenga tena ukuta baada ya vita kushindwa, kodi ya nyumba kuja, na mabati kupata hadhi ya maendeleo hata nyasi zikawa alama ya ufukara.

Simlaumu aliyeezeka mabati. Nyasi nzuri ni adimu sasa kwa kuwa mashamba yamelimwa mpaka ukingoni, na paa la nyasi lina kazi. Ninachokisikitikia ni kwamba tuliliacha paa na elimu yake pamoja, ilhali vingeweza kutenganishwa. Nchini Japani watu wengi huishi katika nyumba za kisasa kama sisi. Ila wameweka mahali ambapo elimu ya kale ina kazi ya kufanya na mshahara wa kulipwa. Paa la Kiyomizu-dera ya Kyoto, hekalu lenye jukwaa la mbao lililojengwa mwaka 1633, likisimama mita 13 juu ya bonde, limeezekwa kwa magome ya hinoki yaliyobanduliwa juu ya miti iliyo hai bila kuiua, na lilipoezekwa upya kati ya mwaka 2017 na 2020 walikuwapo wabanduaji, wapangaji na wapigiliaji wenye ustadi wa kutosha. Mwaka 2020 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliuingiza ufundi huo wa kuhifadhi majengo ya mbao katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, yaani urithi ulio katika ujuzi na desturi.

Kitale nako pana mahali ambapo mlango haujafungwa kabisa. Jumba la makumbusho la mji huo lilitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyelianzisha mwaka 1926, na baada ya kifo chake likawa la taifa mwaka 1974. Na uani mwake zimejengwa nyumba za kienyeji za jamii za eneo hili. Wanafunzi huzipita upesi wakienda kutazama nyoka. Lakini nyumba hizo haziwezi kusimama bila kuezekwa tena na kukandikwa tena, na kila zinapofanyiwa hivyo kuna mtu lazima ajue namna ya kufanya.

Wakati wa kwenda, na adabu za huko

Katika kuchagua wakati, mkulima wetu ana bahati. Juni na Julai ni mvua na joto zito huko, na Agosti hadi Oktoba ni majira ya tufani. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili huchanua maua ya sakura, ambayo ni mazuri mno, lakini ndio wakati wa kupanda mahindi Kitale, tena Kyoto hujaa watu. Mwisho wa Novemba, majani ya miti iitwayo momiji hugeuka mekundu katika nyua za mahekalu, na kwetu mahindi yamekwisha kuvunwa na pengine kuuzwa. Baridi ya wakati huo hupita ya Kitale, hivyo sweta moja haitoshi.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Abiria wengi hubadili ndege katika miji ya Ghuba kama Dubai au Doha, na anayekwenda Kyoto na Nara hufanya vema kushukia uwanja wa Kansai, karibu na Osaka, badala ya Tokyo. Visa huombwa kwa ubalozi wa Japani ulioko Nairobi, na ni busara kuianza mapema. Saa za huko zimetangulia zetu kwa sita: Kitale ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, Kyoto ni saa sita mchana.

Mengine ya kuzingatia:

- Mahekalu mengi hufunga milango saa kumi au saa kumi na moja jioni, hivyo anza alfajiri. Kiyomizu-dera hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya umati.
- Viatu huvuliwa kila pafikiwapo sakafu ya mbao au mikeka, kwa hiyo vaa vinavyovulika bila taabu na soksi zisizotoboka.
- Penye birika la maji langoni mwa Shinto, nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha sukutua kinywa kwa maji uliyoyatia kiganjani. Usiweke midomo kwenye kata.
- Piga picha pale tu paliporuhusiwa. Katika Sanjusangen-do ya Kyoto, zinakosimama sanamu 1001 za mbao za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, katika ukumbi mmoja mrefu wa mita 120, picha hazipigwi, nawe utashukuru kwa kulazimishwa kutazama kwa macho.

Kuhusu mpango wa siku, shauri langu ni kinyume cha wanavyofanya wengi, ambao huanza na dhahabu ya Kinkaku-ji. Anza na Horyu-ji, ukisimama chini ya mapaa ya pagoda ukatazama jinsi boriti zinavyobebana. Halafu nenda Yakushi-ji, ukazilinganishe pagoda zile mbili, ya karne ya nane na ya Nishioka. Halafu Todai-ji, ambako katika nguzo mojawapo ya ukumbi limetobolewa tundu linalosemwa kuwa na ukubwa wa pua ya Buddha Mkuu, na watoto hupenya humo wakicheka. Kyoto ije baada ya Nara, na Ise iwe ya mwisho, kwani huko mgeni haoni mengi: nyumba zenyewe zimezungushiwa nyua nne, na kwa macho hupata mapaa tu. Anayefika Ise kwanza huona kwamba amepunjwa. Anayefika akiwa amekwisha kuona viungo, nguzo na magome ya kwingineko, huyatambua mapaa hayo yanasema nini, na kile kiwanja kitupu kilicho kando, kinachongojea mwaka 2033, hukiona kuwa ni sehemu ya jengo.

Na kabla ya kuondoka kuna kazi moja zaidi, ambayo nimejipangia mwenyewe katika miezi hii ya kungoja. Katika vijiji vya Kimilili na Kabuchai wangalipo wazee waliowahi kuezeka kwa nyasi kwa malipo, wanaojua nyasi ipi hukatwa lini, fito hufungwa kwa kamba ya mti gani, na ile fimbo iliyochomoza kileleni mwa paa, ambayo kwa jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya ilikuwa ishara ya mwenye nyumba na ikaondolewa alipofariki, ilitiwa na nani. Nakusudia kukaa nao, kuyaandika majina ya kila kipande cha paa kwa Kibukusu, na kuomba nishike kamba mwenyewe; maana fundi wa Nara akiniuliza watu wa kwetu huezeka vipi, nataka niwe na jibu la kumpa.